Dawa, chanjo, faji au maji: uchague kipi bakteria wa samaki wanapokuwa sugu

Samaki mgonjwa hali chakula. Kila mfugaji analijua hilo, lakini wengi hulisahau siku wanapochanganya dawa kwenye chakula. Dawa inaingia bwawani, wazima wanaigombania, wagonjwa wanabaki pembeni wamekodoa macho, na baada ya siku kumi mwenye bwawa anasema bakteria ni sugu. Huenda ni kweli. Huenda pia dawa haikumfikia mgonjwa hata mmoja. Mambo haya mawili yanafanana sana ukiyatazama ukiwa ukingoni mwa bwawa, ila tiba zake haziko njia moja, na mtu asiyeyatenganisha atanunua dawa ya pili, kisha ya tatu, akizidi kuwafunza bakteria.

Njia zinazouzwa au kusifiwa ni nne: antibiotiki iliyochaguliwa kwa kipimo, chanjo, viumbe vidogo vinavyopambana na bakteria (faji na bakteria rafiki), na kutengeneza maji yenyewe. Mara nyingi hupangwa kana kwamba ni chapa nne za bidhaa moja. Sivyo. Chanjo ni ya kabla ya ugonjwa, antibiotiki ni ya baada, maji ni ya kila siku, na faji bado anatafuta nafasi yake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ni bora, jiulize samaki wako wako wapi: hawajaugua, wameanza kuugua, au wameshaanza kuelea?

Adui unayemchagulia silaha

Bakteria hawafanani, na dalili husaidia kidogo tu. Perege anayeogelea akijizungusha, macho yamevimba kutoka nje, maji yakiwa ya moto: mshukiwa wa kwanza ni Streptococcus agalactiae. Vidonda mwilini na tumbo lililojaa maji huelekeza kwa Aeromonas hydrophila, ambaye yumo karibu katika kila bwawa akisubiri samaki wadhoofike. Doa la kijivu mgongoni lililokaa kama tandiko la punda, na matamvua yanayooza, ni kazi ya Flavobacterium columnare. Kambare husumbuliwa na jamaa wa Edwardsiella, na kwenye maji ya chumvi wapo wa Vibrio.

Usugu wenyewe si jambo geni. Tangu 1957, watafiti wa Marekani Snieszko na Bullock walikuwa wameshaandika kuhusu trauti waliougua bakteria wasiosikia dawa za salfa. Kinachofanya maji kuwa mahali pabaya zaidi kuliko banda ni kwamba huwezi kumtenga mgonjwa mmoja na kumpa dawa peke yake. Chakula kisicholiwa huzama, sehemu ya dawa hupita tumboni na kutoka ikiwa bado na nguvu, na antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini inaweza kukaa kwenye matope kwa wiki nyingi ikiwa kiasi kidogo kisichoua. Huko chini bakteria hupeana jeni za usugu kwa plasmidi, vipande vidogo vya DNA vinavyohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa ukoo mwingine. Jeni qnrA, inayowapa bakteria wa hospitalini ustahimilivu dhidi ya dawa za kundi la kwinoloni, ilifuatiliwa hadi kwa Shewanella algae, bakteria wa majini. Ndiyo maana mambo ya bwawani hayaishii bwawani.

Antibiotiki: ndiyo pekee inayookoa, na ndiyo rahisi kuharibu

Nianze na sifa yake, kwa sababu siku hizi ni desturi kuisema vibaya tu. Samaki akishapata maambukizi ya damu, chanjo haimsaidii tena, na maji safi peke yake mara nyingi hayatoshi. Antibiotiki inayofaa, ikitolewa mapema wakati wengi bado wanakula, huzima mlipuko. Neno zito hapo ni *mapema*.

Mbili zinazotumika sana ni oksitetrasaiklini na florfenikoli, nazo si pacha. Oksitetrasaiklini ni ya zamani, na usugu dhidi yake umeenea mno. Tena hujifunga na kalsiamu na magnesiamu, kwa hiyo kwenye maji ya bahari au maji magumu sehemu kubwa haiingii mwilini kabisa. Ndiyo maana kipimo chake ni kikubwa, kama miligramu 55 hadi 83 kwa kila kilo ya samaki kwa siku, kwa siku 10. Florfenikoli hufyonzwa vizuri, hutumika kwa miligramu 10 hadi 15 kwa kilo kwa siku 10, na binadamu hawatibiwi nayo. Kati ya hizo mbili, kama kipimo cha maabara kinaziruhusu zote, ningechukua florfenikoli. Lakini isichukuliwe kama dawa isiyo na madhara: jeni ya usugu wake, floR, ipo na inasafiri kwa plasmidi kama wenzake.

Enrofloksasini ni kali na wengi wanaipenda. Mimi ningeiacha. Kwinoloni ziko kwenye kundi ambalo Shirika la Afya Duniani linaliona kuwa muhimu kupita mengine kwa tiba ya binadamu, na Marekani tangu 1997 imekataza dawa za tawi lake la florokwinoloni kutumiwa kwa mifugo ya chakula nje ya maelekezo ya kibali chake. Ukianzia kwenye dawa ya mwisho, hakuna unakokimbilia.

Kuna pia usugu wa kuzaliwa nao, ambao hauhitaji mtu kukosea. Karibu Aeromonas wote hawasikii ampisilini na amoksilini tangu mwanzo. Kuwapa amoksilini ni kuwalisha samaki gharama. Dawa hiyohiyo kwa Streptococcus inaweza kufanya kazi vizuri. Asidi ya oksoliniki ni kinyume chake: inawalenga bakteria wa upande wa Aeromonas na Vibrio, lakini Streptococcus haimshtui. Jirani aliyepona kwa dawa fulani hakukudanganya, ila huenda adui yake hakuwa adui yako.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo usugu mwingi unapopikwa. Una samaki 1,000 wa gramu 200, yaani kilo 200. Kwa florfenikoli ya miligramu 10 kwa kilo, wanahitaji gramu 2 za dawa halisi kwa siku (dawa halisi, si unga mzima wa kwenye pakiti, ambao una vitu vingine ndani). Wakiwa wazima wanakula asilimia 2 ya uzito wao, kilo 4 za chakula, kwa hiyo kila kilo ya chakula ibebe nusu gramu. Wakiugua, hamu inashuka, wanakula kilo 2 tu. Usipobadilisha mchanganyiko, wamepata nusu ya dozi, na nusu dozi kwa siku kumi ni darasa zuri la bakteria. Inabidi kila kilo ibebe gramu nzima. Pima wanachokula kweli kwa siku moja au mbili kabla ya kuchanganya. Ikiwa wameacha kula karibu wote, dawa ya chakula imepitwa na wakati, na kumwaga dawa ndani ya bwawa la wazi ni kuitupa.

Kipimo cha maabara ndicho kinachotenganisha dawa na bahati nasibu. Chukua samaki watatu hadi watano wanaoumwa lakini bado hai. Aliyekufa akaelea jua likiwa juu ameshavamiwa na bakteria wa kuoza, na hao ndio watakaoota. Sampuli hutolewa kwenye figo, na kwa Streptococcus pia kwenye ubongo. Wasafirishwe kwenye barafu, wasigandishwe. Ukiwa na maabara iliyozoea vipimo vya binadamu, waulize watawaotesha bakteria kwa joto gani. Bakteria wengi wa samaki hupimwa kwenye nyuzijoto 22 au 28; kwenye 37 wengine hawaoti vizuri na majibu hayaaminiki. F. columnare hataki hata chakula cha kawaida cha maabara, anahitaji kilichopunguzwa makali. Majibu huchukua siku kadhaa, na siku hizo si za kukaa bure. Nitazirudia kwenye maji.

Jambo la mwisho kwenye dawa ni kusubiri kabla ya kuvuna. Nchini Marekani, oksitetrasaiklini kwenye samaki wengi wa chakula hudai siku 21. Ulaya huhesabu kwa nyuzi-siku: zidisha joto la maji kwa idadi ya siku. Nyuzi-siku 500 ni siku 50 kwenye maji ya nyuzijoto 10, lakini ni kama siku 18 kwenye maji ya nyuzijoto 28. Fuata maandishi ya dawa na sheria ya ulipo, kwa ushauri wa daktari wa mifugo.

Chanjo: ushindi wa Norwei na kigugumizi cha Chile

Mwaka 1987 wafugaji wa salmoni wa Norwei walitumia karibu tani 50 za antibiotiki, wakati mavuno yao yalikuwa takribani tani elfu hamsini tu. Kisha zikaja chanjo za ugonjwa wa Vibrio na, mwanzoni mwa miaka ya 1990, chanjo ya sindano yenye mafuta dhidi ya Aeromonas salmonicida. Leo nchi hiyo huvuna zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka, na antibiotiki katika miaka mingi ya karibuni imekuwa chini ya tani moja. Dawa haikupungua kwa mahubiri. Ilipungua kwa sababu haikuhitajika tena.

Chile inafuga samaki huyohuyo. Mwaka 2014 ilitumia zaidi ya tani 500, nyingi zikiwa florfenikoli. Chanjo zipo na zinatumika, lakini adui wao mkubwa, Piscirickettsia salmonis, hujificha ndani ya seli za samaki, mahali ambapo kingamwili hazifiki kirahisi. Anayekuambia chanjo ni jibu la kila kitu amesoma ukurasa wa Norwei akafunga kitabu.

Kwa maji ya joto, swali kubwa ni aina. Streptococcus agalactiae wanaoua perege wako wa aina Ia, Ib na III, na chanjo ya aina moja isitarajiwe kukinga vizuri dhidi ya nyingine. Kwa hiyo hata chanjo inaanzia maabara: ujue una aina gani ndipo ununue.

Namna ya kuitoa pia inabadilisha hesabu. Sindano hutoa kinga imara na ya muda mrefu, lakini samaki anatakiwa awe amefikia kama gramu 15 hadi 20, apewe dawa ya usingizi, ashikwe mmojammoja. Kwa samaki wa thamani ni kazi inayolipa. Kwa vifaranga laki moja vya bei ndogo, piga hesabu ya mikono kwanza. Kuzamisha vifaranga kwenye maji yenye chanjo ni haraka, kinga yake ni fupi zaidi, lakini kwa baadhi ya magonjwa imethibitika tangu zamani kuwa inafaa: chanjo ya kwanza ya samaki kupata leseni, Marekani 1976, ilikuwa ya Yersinia ruckeri kwa trauti, na hadi leo ugonjwa huo unakingwa kwa kuzamisha. Ya kula ndiyo ndoto ya kila mtu na ndiyo dhaifu, kwa kuwa tumbo huivunja kabla haijafanya kazi.

Kinga nayo haiji siku hiyohiyo. Kwenye maji ya joto ngoja wiki mbili hadi tatu. Kwenye maji baridi inaweza kuwa nyuzi-siku 400 au zaidi. Na usichanje kundi lililoanza kuugua. Sindano ileile inahamisha bakteria kutoka samaki hadi samaki, na msukosuko wa kushikwa unamalizia waliobaki.

Faji na bakteria rafiki

Faji ni virusi vinavyoua bakteria, vilivyoelezwa na Twort mwaka 1915 na d'Hérelle mwaka 1917. Wana uzuri mmoja ambao antibiotiki haina: humshambulia bakteria wa aina moja, na usugu wake dhidi ya dawa hauwahusu. Huko Japani mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliwakinga samaki dhidi ya Lactococcus garvieae kwa njia hii. Uzuri huohuo ndio mzigo wao. Inabidi ujue bakteria wako kwa undani, utumie mchanganyiko wa faji kadhaa kwa kuwa bakteria hujifunza kuwakwepa pia, na uhakikishe ni wale wanaoua moja kwa moja, si wanaojificha ndani ya bakteria na kubeba jeni huku na kule. Bidhaa iliyoidhinishwa ikiwepo ulipo, itazame. Isipokuwepo, usinunue chupa isiyosema ndani kuna nini.

Bakteria rafiki, hasa wa jamii ya Bacillus, wanaweza kusaidia tumbo na maji, lakini matokeo yanatofautiana sana kati ya aina na aina, na si tiba ya mlipuko. Mtu anayewamwaga bwawani wiki ileile anayotoa antibiotiki analipa mara mbili ili kimoja kiue kingine.

Maji: njia isiyo na lebo

Hapa sina utulivu wa mlinganishaji, nakiri. Aeromonas yumo ndani ya bwawa lako leo. Anachosubiri ni usiku ambao oksijeni inashuka chini ya miligramu 3 kwa lita, msongamano uliozidi, au wavu uliokwangua magamba. Ukimpa dawa bila kuondoa hivyo, atarudi, na atarudi akiwa ameshaijua dawa.

Pima oksijeni alfajiri, si mchana. Mchana mimea ya majini inakudanganya. Pima amonia pamoja na pH (kipimo cha tindikali ya maji), maana amonia peke yake haisemi kitu: kwenye nyuzijoto 28, pH 7, chini ya asilimia 1 iko katika hali yenye sumu; pH ikifika 9, ni karibu asilimia 40. Bwawa la kijani kibichi jioni lina pH ya juu, na ndiyo saa samaki hukaa vibaya bila mtu kuona. Nitriti ikipanda, damu huwa ya kahawia, na kuongeza chumvi ya kawaida kiasi kwenye maji huwakinga kwa kuwa kloridi iliyomo kwenye chumvi huizuia nitriti isipite kwenye matamvua.

Sasa zile siku za kungoja maabara. Punguza chakula au kisimamishe. Inaonekana ukatili, lakini kwa Streptococcus na kwa Edwardsiella wa kambare, kupunguza kulisha mara nyingi hupunguza vifo, kwa kuwa samaki wenye njaa hawatumii oksijeni nyingi na hawapokezani bakteria kupitia chakula na kinyesi. Toa waliokufa mara mbili kwa siku. Wenzao huwala, na hakuna njia fupi zaidi ya maambukizi. Wavu wa bwawa lenye ugonjwa usiguse bwawa jingine. Vaa glavu: Streptococcus iniae ameshawaambukiza watu waliojichoma wakitayarisha samaki, na mwaka 2015 huko Singapore S. agalactiae wa nasaba ya ST283 aliwaambukiza watu waliokula samaki wabichi wa maji yasiyo na chumvi.

Udhaifu wa njia hii ni wazi pia. Haimfufui aliyeshaambukizwa damu, na S. agalactiae anaweza kuingia hata kwenye bwawa safi maji yakifika nyuzijoto 30.

| | Inafaa lini | Usugu | Kikwazo kikuu |
|---|---|---|---|
| Antibiotiki | Mlipuko mchanga, samaki bado wanakula | Inauongeza | Mgonjwa hali chakula |
| Chanjo | Wiki kadhaa kabla ya msimu wa ugonjwa | Inaupunguza | Aina ya bakteria, kazi ya sindano |
| Faji | Adui anajulikana, bidhaa ina kibali | Bakteria huwakwepa pia | Upatikanaji |
| Maji na usafi | Kila siku | Inaupunguza | Haimwokoi aliyezidiwa |

Wewe ni yupi?

Kama unatotolesha vifaranga, pesa yako ya kwanza iende kwenye karantini ya wazazi wapya, angalau wiki tatu, na kwenye chanjo ya kuzamisha ikiwa ipo kwa ugonjwa unaokusumbua. Ukiuza vifaranga vilivyokulia kwenye antibiotiki, unauza usugu kwa wateja wako wote.

Kama una bwawa la udongo na samaki wenye vidonda, kila mara baada ya kuvua au kupanga upya, usianze na dawa. Punguza idadi, shughulikia oksijeni ya alfajiri, na baada ya kuvuna likaushe bwawa na ulitie chokaa. Vidonda vya Aeromonas vinavyojirudia mara nyingi ni malalamiko ya maji.

Kama una vizimba na Streptococcus anarudi kila majira ya joto, chanjo ndiyo uwekezaji wako, hata kwa usumbufu wa sindano. Huwezi kuyabadilisha maji ya ziwa zima, na kila mzunguko wa dawa ndani ya vizimba unawafikia samaki wa nje pia.

Kama unafuga kwenye matangi yanayozungusha maji, antibiotiki ina bei nyingine iliyofichika: inaweza kuua bakteria wa kwenye chujio wanaosafisha amonia. Ukilazimika, tenga tangi husika na chujio lake, na pima amonia na nitriti kila siku.

Na kama samaki wako wamebakiza wiki mbili kufikia uzito wa soko, mlipuko ndio unaanza, na hawajapewa dawa yoyote, fikiria kuvuna mapema wale walio wazima kabla ya kufikiria dawa. Tiba ya siku kumi na kipindi cha kusubiri vinaweza kula kama mwezi mzima, utakuwa umewalisha muda wote huo, na bado hujui wangapi watafika. Wenye dalili wasiende sokoni wala kwa jirani. Wazikwe mbali na maji.